Kivumbasi: Jinsi ya Kuishika Dawa Kabla Haijaruka na Mvuke

Kivumbasi kikichemshwa kwenye sufuria isiyofinikwa, nyumba nzima hunukia mpaka kichochoroni, na wenye nyumba hufurahi wakisema dawa imekolea. Harufu ile ndiyo dawa yenyewe, na inatoka mlangoni. Kinachobaki sufuriani kina faida yake, lakini kile kilichokusudiwa kwa kifua kilichobana kishakwenda kwa majirani.

Nimefundisha kemia shule za sekondari hapa Mombasa miaka mingi ya umri wangu, na kivumbasi nimekulia nacho Kisauni kwa nyanya yangu, aliyekipanda pembeni mwa kisima. Sasa nakipanda mwenyewe ndani ya ndoo, juu ya paa la saruji la nyumba yetu Kibokoni. Naandika kwa yule ambaye tayari anakitumia, au mamake alikuwa akikitumia, na angependa kujua mna nini ndani yake na vipi atakitoa bila kukipoteza.

Hakikisha kwanza ndicho

Kivumbasi ninachokisema ni kile kinachokua kikawa kichaka kirefu kupita kimo cha mtu kikiachwa, shina la chini likawa gumu kama mti. Shina changa lina pembe nne, sawa na mrehani na nanaa, kwani wote ni jamii moja. Majani yake yana meno pembeni na vinywelea laini, rangi ni kijani kilichopauka. Maua ni madogo, meupe yaliyofifia, yamepangana kwenye kikonyo. Wataalamu wa mimea hukiita Ocimum gratissimum. Vitabu vya zamani vya Afrika Mashariki vikiandika Ocimum suave. Mrehani wa kikuba ni mwingine: mfupi, majani yanateleza na kung'aa, harufu yake ni tamu zaidi. Kuna pia kivumbasi kidogo cha mwituni, Ocimum americanum, nacho huitwa jina hilo hilo.

Ukishakipata, fanya jaribio hili kabla ya lolote. Chukua karafuu moja, ivunje kichwa kwa kucha uinuse. Kisha sugua jani la kivumbasi baina ya vidole vyako, unuse. Kikinukia karafuu, una mti wa yujenoli, kiambata cha mafuta ya harufu, kwa sababu ndiyo iliyojaa pia katika karafuu. Kikinukia dawa ya kusukutua kinywa, ule ukali unaopanda puani, una mti wa thaimoli, kiambata kingine cha mafuta hayo. Listerine ina thaimoli ndani yake, ndiyo maana harufu zinafanana. Mti wako na wa jirani huenda ni wa jina moja na sura moja, na mafuta yakawa mbali kabisa. Mbegu zilikotoka zina neno kubwa katika hilo. Kwa hiyo mtu akikwambia chai ya kivumbasi cha kwao ilimfaa jino na chako hakikufaa kitu, huenda nyote wawili mnasema kweli.

Pua yako ndiyo maabara ya karibu. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwafumba macho niwape majani wayabague, na walibagua vizuri.

Kinachoruka na kinachobaki

Harufu hutoka papo hapo ukisugua jani kwa sababu mafuta hayakuzama ndani ya jani. Yamo katika vitezi vidogo sana vilivyo juu ya ngozi yake, kila kimoja kimefunikwa na utando mwembamba, na kidole kimeupasua. Mafuta yenyewe ni machache: gramu 100 za majani mabichi kwa kawaida hazitoi hata gramu 1. Kitu kichache hivyo hakitaki kuchezewa.

Yujenoli hupunguza maumivu na kutia ganzi kidogo. Waganga wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki wakapata kizibo cha muda cha jino, na ile harufu ya karafuu kwenye chumba cha daktari wa meno asili yake ni hiyo. Thaimoli kazi yake kubwa ni kuua vijidudu. Zote mbili katika maabara hutoboa utando wa seli ya bakteria na wa kuvu. Lakini bakteria aliye ndani ya kisahani cha kioo hana pa kukimbilia. Ndani ya mwili wa mtu mambo ni mengine, dawa hupungua nguvu na kusambaa, na ini huanza kuivunja mara inapofika. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba kivumbasi kinaua bakteria, uliza kwanza: kinawaua wapi?

Watoto darasani waliuliza swali zuri kila mwaka. Yujenoli huchemka kwa nyuzi 254 za Selsiasi, maji kwa 100; sasa itarukaje nayo haijachemka? Jibu ni kwamba haingoji kuchemka. Mvuke wa maji huibeba. Kiwanda cha Pemba hukamua mafuta ya makonyo ya karafuu kwa njia hiyo hiyo: mvuke hupitishwa kwenye makonyo, mafuta hupanda nao, kisha mvuke hupozwa na mafuta kukusanywa. Anayechemsha kivumbasi sufuria wazi anafanya kazi ya kile kiwanda, ila hana mtungi wa kukusanyia.

Kundi la pili, lile linalobaki sufuriani, halinuki kabisa, na watu wengi hawajui kama lipo. Kubwa lao ni asidi rosmariniki, iliyotengwa mara ya kwanza mwaka 1958 na Waitaliano wawili, Scarpati na Oriente, kutoka kwa mmea wa rosmari. Hiyo huyeyuka majini na hairuki na mvuke. Ikishirikiana na flavonoidi, viambata vingine vya mimea, ndiyo inayoleta ule ukakasi unaoshika ulimi ukinywa chai iliyokaa. Huzuia chembe huru zinazoharibu seli, na katika majaribio mengi imeonekana kutuliza uvimbe. Adui yake yumo ndani ya jani lenyewe. Ukitwanga majani kwenye kinu ukayaacha, baada ya muda huwa meusi: vimeng'enya vya jani vimekutana na hewa na vimeanza kuila asidi hiyo. Maji ya moto huviua vimeng'enya mara moja. Basi ukitwanga, maji yawe tayari yamechemka pembeni yako.

Kisha kuna asidi ya ursoliki, iliyo katika nta ya jani. Hiyo maji hayaiwezi. Anayeitaka ale jani lenyewe, na nyanya yangu alikuwa akikatakata majani machanga kwenye mchuzi wa samaki wa nazi, mwisho kabisa, akiepua. Tui lina mafuta ya kutosha kuibeba.

Kuvuna na kukausha

Vuna asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Chagua matawi yanayokaribia kutoa maua au yaliyoanza tu. Pale Marikiti yuko mama mmoja mtu mzima ninayenunua kwake mche wangu ukiwa umechoka, na hana ubahili wa maneno: "Hichi kilotoa mbegu, mwanangu, kipeleke kwenye chetezo. Cha chai ni hichi." Kanuni yake inafaa kufuatwa.

Jua la Mombasa halifai kukaushia. Tandaza majani kwenye uteo, safu moja, ndani ya chumba chenye upepo, uyageuze kila jioni. Wakati wa kaskazi hukauka upesi. Masika ni tabu: hewa imejaa maji, majani hulegea tu na kuota ukungu chini. Miezi hiyo mimi sikaushi, natumia mabichi. Jani lililokauka vizuri hukatika kwa sauti ukilikunja. Likipinda bila kukatika, bado. Tia kwenye chupa ya kioo yenye kifiniko cha kukaza, uiweke kabatini mbali na mwanga. Usiyasage mapema, ukisaga umevipasua vitezi vyote kwa mara moja. Kila mara ukifungua chupa, nusa. Siku utakayokuta haina harufu, mafuta yamekwisha, na majani hayo yabaki kwa ukakasi tu.

Chai

Kwa kikombe kimoja cha kama mililita 250, chukua majani mabichi kumi hivi ya ukubwa wa kati, au kijiko kimoja cha chai cha makavu. Osha mabichi kwa maji baridi. Chemsha maji peke yake kwenye birika, bila majani. Yakishachemka, epua, ngoja yatulie. Hapo ndipo uyararue majani kwa mkono, uyatie kwenye kikombe au buli, umimine maji na ufinike mara hiyo hiyo, kwa bidii ile ya kupalia wali. Kisahani kinatosha kwa kikombe. Dakika kumi.

Ukifunua, geuza kisahani ukitazame chini. Matone yaliyoganda pale yana mafuta ndani yake. Yarudishe kikombeni, usiyapanguse kwa kitambaa. Na usihofu kwamba maji hayatayabeba: lita 1 ya maji huweza kuyeyusha gramu 2 na zaidi za yujenoli, na majani yako kumi hayana hata chembe ya kiasi hicho.

Ndimu tia mwishoni. Inafanya zaidi ya kuleta ladha. Maji mengi tunayonunua hapa kisiwani, ya visima na ya mikokoteni, yametoka kwenye mawe ya matumbawe na yana chokaa. Katika maji ya namna hiyo asidi rosmariniki huharibika upesi zaidi, na uchachu wa ndimu huikinga. Asali ukipenda, tangawizi ukipenda. Karafuu usiongeze kama kivumbasi chako tayari ni cha yujenoli, utakuwa umerudufu kitu kile kile.

Kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni wakati wa mafua vinatosha. Chai iliyolala usiichemshe tena kesho yake. Ukiipoza unaweza kusukutua nayo koo au fizi zinazouma, na hapo ndipo mafuta yanapogusa mahali penye shida moja kwa moja. Kwa fizi ninaiamini zaidi kuliko kwa tumbo.

Anayepungukiwa na damu, na hasa mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma, asiinywe pamoja na chakula wala na vidonge hivyo. Viambata vya ukakasi huyashika madini ya chuma na kuyazuia kuingia mwilini. Ajipe saa mbili baina yake.

Kifua

Kwa kujifukiza tunautaka mvuke uliobeba mafuta, kwa hiyo kanuni ya kifiniko hubadilika: finika mpaka uwe tayari, ufunue ukiwa umeshakaa. Maji yaliyochemka kwenye beseni pana lisiloweza kupinduka, juu ya meza imara au sakafuni, usiliweke mapajani kabisa. Tia konzi mbili za majani yaliyoraruliwa, finika dakika tano, kisha jitande leso, uso uwe mbali na maji kadiri ya urefu wa mkono kuanzia kiwiko, macho yafumbe. Vuta pole pole. Dakika tano hadi kumi, ukisikia kizunguzungu toka. Mwenye pumu asijaribu. Harufu kali huweza kumfunga kifua badala ya kumfungua. Watoto wasifukizwe hata kidogo. Mtoto akisukuma beseni anaungua, na faida ya mvuke haifiki robo ya hasara hiyo.

Mafuta ya kuchua yanafaa zaidi kwa mtu mzima anayetaka kulala. Chukua nusu kikombe cha majani makavu, yasagwe muda huo huo, uyatie ndani ya kikombe kimoja cha mafuta ya nazi kwenye bakuli la kioo. Bakuli likae juu ya sufuria yenye maji yanayotokota taratibu, lifinikwe, kwa saa moja. Mafuta yasichemke. Chuja kwa kitambaa chepesi, kamua, tia chupani. Majani mabichi usiyatumie hapa, yana maji, na maji ndani ya mafuta huleta kuvu na kuchacha. Asubuhi za Julai mafuta haya huganda. Shika chupa mikononi yayeyuke. Kabla ya kuchua, paka tone moja ndani ya mkono ungoje mpaka kesho, kwa kuwa yujenoli huwawasha watu wengine ngozi.

Kule Kakamega wamekwenda mbele zaidi. Wakulima wa kikundi cha Muliru, wanaoishi karibu na msitu, walishirikiana na ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, kulima ndugu wa kivumbasi, Ocimum kilimandscharicum, ambaye mafuta yake yamejaa kafuri, ile karafuu maiti yetu. Wanayakamua kwa mvuke na kutengeneza dawa ya kuchua inayoitwa Naturub. Mwaka 2010 kikundi kilipata Tuzo ya Equator, ile ya Umoja wa Mataifa kwa jamii zinazohifadhi mazingira. Ninawaombea wakulima wa Pwani wapate jambo kama hilo kwa kivumbasi chetu, maana mti hautaki ardhi nyingi wala maji mengi. Lakini kafuri usiipake mtoto mchanga, kifuani wala puani. Huweza kumtia kifafa.

Mbu

Mwaka 2002 watafiti walichapisha majaribio yaliyofanywa Kenya ya kuweka mimea hai kwenye vyungu kwenye vibanda vya majaribio vyenye watu ndani. Kile kivumbasi kidogo, Ocimum americanum, kilipunguza mbu wa malaria wanaouma kwa karibu asilimia 40. Ni msaada mzuri, na maana yake ni kwamba mbu sita katika kumi bado wanauma. Ndoo ya kivumbasi dirishani, sawa. Chandarua kitandani pale pale.

Mji wetu una mbu mwingine wa kuogopwa, yule wa mchana mwenye madoa meupe miguuni, aliyetuletea dengi mwaka 2013 na chikungunya mwishoni mwa 2017 kuingia 2018. Huyo chandarua cha usiku hakimshughulishi, na huzaliana kwenye mapipa na mitungi yetu ya akiba ya maji. Kivumbasi mlangoni mchana kinafaa, lakini pipa lifinikwe kwanza.

Kwa kufukiza mbu, tumia matawi yaliyotoa mbegu. Makaa yawe yameshika vizuri, chetezo kiwe mlangoni, dirisha wazi, na kitolewe nje kabla ya watu kulala. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua, na hakuna jani litakaloifanya hewa hiyo isidhuru.

Mahali kinapokomea

Homa Mombasa si jambo la kukisia. Mwenye homa akapimwe tone la damu kidoleni. Ikiwa ni malaria, ameze dawa ya mseto mpaka imalizike. Kivumbasi hakitibu malaria, na siku anayoipoteza mtoto kwa kungojea chai ndiyo siku inayomzidi. Ikiwa ni dengi, asinywe kivumbasi kizito hata kwa nia njema, kwani yujenoli huzipunguzia chembe za kugandisha damu nguvu ya kushikana, na dengi tayari imezishambulia. Kwa sababu hiyo hiyo, anayemeza warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na anayetarajia kupasuliwa, aache kabisa na amwambie daktari kwamba alikuwa akikitumia. Watu huwaficha madaktari dawa za nyumbani kwa haya. Sema tu, daktari akijua atakupimia vizuri.

Mafuta yaliyokamuliwa, yale ya kichupa kidogo, usiyanywe. Yamekusanya nguvu ya kilo nyingi za majani. Na baadhi ya mirehani ina metili-yujenoli, ndugu wa yujenoli, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 2023 katika kundi la vitu ambavyo huenda kwa kiasi kikubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Majani kwenye mchuzi na kikombe cha chai wakati wa mafua ni kiasi kidogo. Kichupa cha mafuta kila siku ni habari nyingine.

Kupanda

Kata kijiti cha urefu wa kiganja kutoka tawi lisilo na maua, toa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, ndani ya ndoo iliyotobolewa chini. Kivuli mpaka kianze kutoa majani mapya, kisha jua. Maji ya kisima yakiwa na chumvi ya kusikika ulimini, majani huungua ncha. Kinga maji ya mvua ya vuli na masika uyachanganye. Kikifika magotini, kata vichwa vyote vya juu, navyo vitatosha chai ya kwanza. Kitachipua matawi mawili kila ulipokata.